Nilicheka mvua ilipowakuta dagaa wangu kichanjani, nikaambiwa namcheka Mungu. Nilikosea?

MamaDagaa_Kibirizi

Mwidiwe ndugu zangu. Naomba msome hadi mwisho, maana jambo hili linanisumbua tangu Alhamisi, na nyumbani nimeshaulizwa mara mbili kwa nini nimenyamaza.

Mimi nafanya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanunua wabichi alfajiri vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, vinapoingia, naanika, nauza kwa gunia kwa wanaopeleka Dar na kwa ndoo kwa watu wa hapa. Asiyeijua kazi hii hudhani shida yetu ni samaki. Shida yetu ni jua. Dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa haimvuti, basi wavuvi wanalala na sisi wa mwaloni tunalala. Siku za giza zikija unahitaji jua toka asubuhi hadi jioni. Ukilipata, waliomwagwa kichanjani saa moja asubuhi unawaanua jioni wakikatika vidoleni. Mvua ikiwakuta katikati wanageuka rangi, wananuka, na bei inashuka hadi ya chakula cha kuku. Halafu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu, toka katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, iliyofungwa ni miezi ile ile ya kiangazi. Sipingi, samaki walikuwa wanapungua na kila mtu aliona. Nasema tu kwamba miezi mingi tuliyobakiwa nayo ni ya mvua, na mtu wa dagaa anaishi akitazama juu.

Sasa mwaka huu mvua yenyewe ilichelewa. Mahindi ya kijijini Mahembe yalitoka vidole viwili yakaanza kujikunja. Jumuiya yetu ya kanisa inasali Jumamosi alfajiri, na Jumamosi tatu mfululizo nia ya kwanza ilikuwa mvua. Ile ya tatu nilipewa mimi kuongoza. Niliomba kwa moyo wangu wote. Mama mkwe wangu ana ekari mbili Mahembe na ndizo zinazotulisha ugali.

Alhamisi nikanunua ndoo sita kwa hela ya kikoba, marejesho Jumamosi ya wiki inayofuata. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Saa nane na robo upepo ukageuka ukatoka upande wa milimani. Kabla sijamaliza kufungua turubai, matone yakaanza, makubwa, yale yanayopiga bati kama mtu anarusha mahindi.

Nina vichanja vinne na turubai moja. Nafunika cha kwanza, cha pili kinaloa. Nakimbilia cha pili, upepo unafunua cha kwanza. Mama mkwe alikuwa amekuja kwa ajili ya kliniki ya presha. Yeye alitoka katikati ya uwanja, akafungua viganja vyote viwili, anapiga vigelegele, anamshukuru Mungu kwa Kiha na kwa Kiswahili, khanga imemganda mwilini. Mimi nalia dagaa, yeye anaimba mahindi, na mvua ni ile ile moja.

Mwanangu ana miaka sita. Alikuwa ananisaidia, amejitwika beseni tupu kichwani kama kofia. Akasimama, akatazama juu, akanitazama mimi, akasema kwa hasira kabisa: "Mama! Ulisahau kumwambia Mungu iende Mahembe!"

Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka. Mama mkwe alicheka mpaka akashika nguzo ya kichanja. Machozi yalikuwemo, na sijui yapi yalikuwa ya kicheko na yapi ya ndoo sita. Turubai likaachwa linapepea.

Kibarazani kwangu alikuwa amejibanza dada mmoja wa jumuiya, mtu ninayemheshimu sana, aliyenifundisha hata kuongoza rozari. Akasema: "Uliomba mvua mbele yetu sote. Mungu amejibu, na wewe unamcheka. Mali ya mkopo inaoza, unacheka. Hiyo ni imani gani?" Akaondoka kwenye mvua ile ile, hakusubiri hata nimpe mwavuli.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kwetu kucheka kwenye shida tumelelewa nako. Marehemu baba mkwe, maji ya bomba yalipokuwa yanakuja saa tisa usiku, kwa muda wa saa moja tu kisha yanakata, hakuamsha watu kwa kusema maji yametoka. Alipita mlango kwa mlango akigonga na fimbo: "Bwana arusi anakuja! Tokeni mwende kumlaki!" Tunaamka, tunakimbilia ndoo gizani, na yule ambaye hakuosha ndoo zake jioni aliitwa mwanamwali mpumbavu hadi kesho yake. Watu wazima tukisimama foleni na vitenge vya kulalia, tunacheka saa tisa usiku. Mimi mfano ule wa wanawali kumi niliuelewa bombani kabla sijauelewa kanisani. Na yule mzee alikuwa mtu wa sala kuliko sisi wote.

Kwa hiyo nauliza, na nauliza kwa dhati. Je, mtu anayecheka pale mambo yanapomharibikia anamdharau Mungu? Au kipo kicheko ambacho ni cha imani? Na kama kipo, nitakitofautishaje na kile kingine? Sitaki kuteta na yule dada. Nataka kujua.

Mvuvi_Katonga

Pole dada. Kabla ya yote, wamepona ndoo ngapi? Waliolowa nusu wasirudi kichanjani siku ya pili, wakaange jioni hiyo hiyo kwa mawese, watauzika kwa bakuli. Na turubai ukinunua chukua lenye matundu ya chuma pembeni, ulifunge na kamba kwenye nguzo. Hilo la kupepea litakuua.

Kuhusu kucheka, mimi kwenye ziwa nimeona wanaocheka na wanaonuna, wote wamerudi na nyavu tupu siku moja. Waliocheka walirudi tena kesho yake.

Fundi_Cherehani_Mwanga

Dada, nikupe la kwangu.

Mwaka juzi kwaya yetu ilinipa kazi ya sare za Pasaka, thelathini. Jumamosi kuu jioni nilikuwa nimemaliza kumi na nne, zilizobaki zimekatwa zinasubiri kuungwa. Saa kumi na mbili na nusu umeme ukakatika. Mashine yangu ni ya umeme. Nilikaa gizani, mikono kichwani, nasema Bwana, kesho unafufuka, watu wako watavaa nini?

Jirani yangu fundi ni Mwislamu, ana cherehani ya miguu. Hakuulizwa. Alikuja nayo kwenye mkokoteni, akaja na kijana mwenye taa ya kuvulia dagaa, zile za sola, akaitundika dirishani. Mjuavyo taa ile na wadudu wa masika. Ndani ya dakika kumi kumbikumbi wamejaa kitambaani, kichwani, kwenye chai. Jirani akasema bila kuacha kukanyaga: "Tukishindwa kushona, tutavua." Nilicheka hadi nikaweka mkasi chini. Nikahisi kifua kimefunguka, na kazi ikaanza kwenda.

Hadi saa nane usiku tulikuwa tumebakiza besi wanne. Hao tuliwashonea kola tu. Mwalimu wa kwaya aliwapanga nyuma kabisa, kola zinaonekana juu ya mabega ya wenzao, chini wamevaa mashati yao. Waliimba vizuri mno. Ila ikafika sadaka na kila mtu lazima apite mbele. Kanisa zima liliwaona wakishuka ngazi, kola nyeupe na dhahabu juu ya mashati ya mistari. Kilianza kicheko kwa akina mama, kikaenda mpaka madhabahuni. Mchungaji alisubiri kikaisha, kisha akaendelea na ibada, na zile aleluya zilizofuata sijazisikia tena toka siku hiyo.

Sikuona dharau pale. Niliona watu waliofurahi, na waliofurahi waliimba.

BibiWaUjiji

Assalaam alaikum wanangu. Mama wa dagaa, mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Ujiji, watoto niliowafundisha sasa wananiletea wajukuu wao. Nimesoma maneno ya mwanao mara tatu. Nataka nikwambie kitu ambacho kitakushangaza.

Katika hadithi sahihi, zipo kwa Bukhari, mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa Mtume, rehema na amani zimshukie, akihutubu. Akasema mvua imekatika, mifugo inakufa, tuombee. Mtume akainua mikono. Hapakuwa na wingu. Mvua ikanyesha siku hiyo, na kesho yake, na kesho kutwa, hadi Ijumaa ya pili. Ijumaa hiyo akasimama mtu, akasema majumba yanabomoka, mali zinazama, tuombee ikome. Na hapo, mwanangu, imepokewa kwamba Mtume alitabasamu. Wiki moja tu iliyopita waliiomba! Hakumkaripia yule mtu. Hakumwambia wewe huna shukrani. Alitabasamu, kisha akaomba: *Ewe Mola, iwe pembezoni mwetu, isiwe juu yetu.* Akataja vilima, na mabonde, na mahali inapoota miti.

Sasa niambie. Maneno ya mwanao ni yapi? Iende Mahembe, isiwe kichanjani kwetu. Mtoto wa miaka sita, hajafundishwa na mtu, ametamka dua ile ile. Nilipowasomea wanafunzi wangu jana, mabinti wakubwa waliweka mikono midomoni, na mimi mwenyewe nilishindwa kuendelea na darsa kwa muda.

Umeuliza utatofautishaje. Mimi nawafundisha hivi. Kuna kejeli, na kuna bashasha. Kejeli inamshusha mtu, au inaishusha neema. Imeharamishwa, na Qur'ani imekataza watu kuwadharau wenzao. Bashasha haimshushi yeyote. Mtume alikuwa akitania, na katika utani wake hakusema ila kweli. Mtu alikuja kumwomba mnyama wa kupanda, akamwambia nitakupandisha juu ya mtoto wa ngamia. Yule bwana akasikitika, nifanye nini na mtoto wa ngamia? Akaambiwa, kwani ngamia wote si watoto wa ngamia? Ona, mtu alikuja na dhiki yake, akatoka na ngamia na kicheko. Hakuchekwa yeye.

Nawaambia pia wanafunzi wangu kwamba subira si kukunja uso. Nimewaona wanaodhani sura kavu ni uchamungu, na mimi mwenyewe nililelewa na shangazi wa namna hiyo, Mungu amrehemu, alikuwa mwema sana lakini tulikuwa tunaogopa hata kupiga chafya mbele yake. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba Mwenyezi Mungu hayuko vile.

Yule dada usimkasirikie. Mtu anayeondoka kwenye mvua bila mwavuli ana jambo lake. Mwendee.

Mkasulu_Mjini

Shikamoo Bibi. Shikamoo na wakubwa wengine.

Mimi naomba niseme upande ambao hamjausema, msinione mtu wa roho mbaya.

Miaka miwili iliyopita duka langu liliungua, hapa Kasulu. Nguo, viatu, daftari la madeni, vyote. Watu wa kanisani kwangu walikuja. Wengi walikuja vizuri. Lakini wapo waliokuja na vichekesho siku ile ile. Mmoja alisema sasa hata wadaiwa wako wanamshukuru Mungu. Mwingine akasema cheka ndugu, Bwana anakupa duka jipya. Nilicheka, maana mtu anapokuja kwako huwezi kumnunia. Nilicheka mwezi mzima. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba nilikuwa siombi tena. Nilikuwa nacheka na watu mchana, usiku natazama bati.

Siku niliyopona ilikuwa siku ambayo mzee wa kanisa mmoja alikuja akakaa, hakusema neno, tukakaa hadi giza likaingia, na nikalia mbele yake. Kicheko cha kweli kilirudi baadaye sana, na kilirudi chenyewe.

Kwa hiyo dada, kwako wewe sina tatizo. Dagaa ni wako, mkopo ni wako, mtoto ni wako. Uliyecheka ni wewe mwenye hasara. Ninachosema ni kwamba mwenye mzigo ndiye aanze. Wengine wafuate. Kama angekuwa jirani yako ndiye aliyekaa kibarazani akicheka huku wewe unakimbizana na turubai, jibu langu lingekuwa jingine kabisa.

MwalimuMstaafu_Tabora

Mkasulu, pole sana ndugu yangu, na asante. Umesema jambo ambalo tunalisahau.

Ila mimi ni Mnyamwezi wa hapa Tabora, na kwetu kuna mtu mmoja ambaye haruhusiwi kungoja mwenye mzigo aanze. Ni mtani. Vijana wa siku hizi wanajua utani wa mpira tu, nao ule ni kelele. Utani wenyewe ni kazi. Wazee walituambia ulikomaa njiani, wakati wapagazi walipokuwa wakitoka Ujiji kupitia hapa Tabora kwenda Bagamoyo kwa miguu. Mnapita nchi za watu, mtu wenu anafia njiani, hamna ndugu. Nani atamwosha, nani atachimba? Mtani. Na anayebeba maiti yako ndiye mwenye haki ya kukutania.

Nilimzika baba yangu mwaka 1998. Kaburi limechimbwa, jeneza linakuja, watani wakaingia kaburini wakalala. Wanasema hatutoki, mzee huyu alikuwa anatudai asali ndoo mbili na sisi tulikuwa tunamdai kuku, mkilipa kuku tutatoka. Mama yangu, ambaye hakuwa amekula siku mbili, alicheka. Kidogo tu. Kisha akafungua upindo wa khanga akatoa noti akawatupia. Mchungaji wetu wa Moravian alisimama pembeni na Biblia yake akingoja, wala hakuona aibu, na yeye mwenyewe alitozwa. Jioni ile mama alikula uji. Watani ndio waliompikia.

Nimefikiri sana tofauti ya wale watani na wale waliokuja dukani kwako, Mkasulu. Nadhani ni hii: wale wa kwetu walikuwa na udongo mikononi. Waliamka saa kumi kuchimba. Aliyekuja kwako na mzaha wakati hakubeba hata ndoo moja ya maji, huyo hakuwa na haki hiyo. Yule fundi wa Mwanga, jirani yake alitania huku mguu uko kwenye cherehani. Naona ni kitu kile kile.

Na mama wa dagaa, kwa upande wetu Wakristo kamsome Sara, Mwanzo sura ya 18. Aliambiwa atazaa uzeeni, akacheka nyuma ya mlango wa hema. Akaulizwa kwa nini umecheka, akakana, kwa hofu, kama wewe unavyoogopa sasa. Akajibiwa, sivyo, umecheka. Basi. Hakunyang'anywa mtoto. Mtoto alizaliwa na akaitwa Isaka, maana yake kicheko. Mungu aliweka kicheko cha yule mama ndani ya jina, akawa kila siku analiita akiwa anamwita mtoto aje kula.

BibiWaUjiji

Mwalimu, na kwetu yumo. Sura Hud, mkewe Ibrahimu alikuwa amesimama, akacheka, akabashiriwa Is-haka. Huyo mama ni wetu sote.

MamaDagaa_Kibirizi

Shikamoo Bibi, shikamoo Mwalimu. Kaka wa Kasulu, maneno yako nimeyasoma mara nyingi kuliko ya wote. Pole. Mvuvi, walipona ndoo mbili na nusu. Nusu nyingine nilikaanga kama ulivyosema, zikaisha jioni hiyo hiyo pale njia panda. Zilizobaki zimekwenda kwa mfuga kuku. Kwenye kikoba nimeomba niongezewe wiki mbili na wamenikubalia, kwa faini.

Bibi, nilimwendea yule dada, kama ulivyonituma. Jana jioni, baada ya kuanua. Nilibeba dagaa wakavu kwenye kikapu, wale wazuri. Nilimkuta anachambua mbegu za mahindi kwenye ungo. Nikaona mbegu zile nikauliza, bado hujapanda? Akasema hii ni mara ya tatu. Alipanda mvua ya kwanza, jua likaunguza. Akanunua mbegu nyingine, akapanda, zikaunguzwa tena. Shamba lake liko Mahembe, linapakana na la mama mkwe. Mimi sikujua. Jumamosi zile tatu tulizoomba, yeye alikuwa anaomba akiwa amefunga, na hakumwambia mtu. Mvua ilipoanza Alhamisi alikuwa anakimbilia nyumbani kuchukua jembe, ikamzidi akajibanza kwangu. Na hapo akanisikia nacheka.

Aliniambia: "Nilidhani unacheka kwamba imekuja." Nikamwambia nilicheka kwa maneno ya mtoto. Hakuwa ameyasikia, bati lilikuwa linapiga kelele mno. Nikamwambia alichosema. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mbegu. Nilidhani nimeharibu zaidi.

Leo alfajiri jumuiya ilikuwa kwetu. Tulipofika kwenye maombi ya nia, watu wakanyamaza, na mwanangu ambaye hajawahi kutoa nia akasimama na kusema: "Mvua inyeshe Mahembe, na jua liwake Kibirizi, na isikosee njia." Watu wakajibu ee Bwana utusikie, wengine sauti ikikatika. Nilimtazama yule dada. Alikuwa amefunika uso kwa upindo wa khanga na mabega yanatikisika. Alipoutoa ulikuwa umelowa, na alikuwa anacheka, yeye wa kwanza, sisi tukafuata.

Jumatatu naenda naye Mahembe kupanda, yeye na mama mkwe na mimi, dagaa nawaacha kwa binti wa jirani. Ile dua ya Bibi nimeiandika nyuma ya daftari la marejesho. Giza limebaki siku tano. Mwenye turubai la pili, lenye matundu ya chuma, hata kama limetumika, aniandikie hapa.